Nilitia Sahihi Nyuma ya Mwenzangu

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, wewe na magoti yako. Mimi sijambo. Ningekupigia simu, lakini sisi wawili na simu hatuelewani: mara ya mwisho nilikuambia nina homa, ukasema hongera, harusi lini? Kwa hiyo nimeshika kalamu.

Kazini ni yale yale. Mashuka ya hospitali hayaishi, ukimaliza ya wodi ya wazazi yanaingia ya majeruhi. Tangu moto ule wa Novemba tumehamishiwa ukumbi wa zamani wa wauguzi. Tuna pasi nne badala ya sita, na Msimamizi anatupitia nyuma kana kwamba ni sisi tulioichoma stoo.

Nina ombi dogo. Kuna rafiki yangu anasoma Kiingereza cha jioni. Mwalimu wao amewapa maneno ya mahakamani na yamemshinda kabisa. Nikamwambia usihangaike, shangazi yangu amepiga chapa mahakamani miaka thelathini na moja, maneno hayo kwake ni uji. Anataka kujua maana ya 'witness', 'statement', 'hearsay' na 'retract'. Pia anauliza, mtu akishatia sahihi kwenye 'statement', anaweza kuikana? Au ndiyo maji yakimwagika hayazoleki?

Hana haraka. Ila ukijibu wiki hii nitashukuru sana, yaani yeye atashukuru.

Mwanao,
Chiriku


11 Februari

Chiriku,

Marahaba. Magoti yanakusalimu, hasa la kushoto.

Mwambie rafiki yako kwamba kilichozeeka kwangu ni masikio, akili bado inakwenda kazini kila asubuhi. Sasa mpe maneno yake. 'Witness' ni shahidi, yaani mtu aliyekuwepo. Si mtu mwenye huruma wala mwenye hasira, ni aliyekuwepo tu. 'Statement' ni maelezo ya shahidi yaliyoandikwa na kutiwa sahihi. Kwa kawaida aliyeandika ni mtu mwingine, na hapo ndipo mchanga unapoingia kwenye wali. 'Hearsay' ni habari ya kusikia. Mahakama haiitaki, kama umesikia tu, iache mlangoni na viatu. 'Retract' ni kuyakana uliyoyasema kwanza. Inawezekana, lakini si bure. Utaulizwa ulikuwa mwongo siku ile au ni mwongo leo, na watakaa wakisubiri uchague.

Nimefundisha wasichana wengi kupiga chapa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu 'retract' kwa ajili ya mazoezi. Mtu haulizi bei ya jeneza kwa kujifurahisha. Halafu umeandika barua nzima, kurasa mbili, bila kumsengenya mtu isipokuwa huyo Msimamizi. Hapo nikajua una shida kubwa.

Umesaini nini, mwanangu? Nieleze kuanzia mwanzo, na rafiki yako mwache alale.

Shangazi yako


19 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikalia, halafu nikacheka lile la viatu, halafu nikalia tena. Rafiki hayupo. Ni mimi.

Siku ya moto tulikuwa sita chumba cha pasi. Ukuta wa nyuma yetu ndio wa chumba cha boila, na ndani ya boila kuna mtu mmoja tu, Fundi Mvuke. Ni mtu wa makamo, mpole, hasemi sana. Kazi yake ni kulisha moto kuni ili mvuke upite kwenye bomba utufikie sisi. Saa nne asubuhi stoo ya mashuka ikashika moto. Tulitoka wote salama lakini stoo iliteketea yote. Sasa Fundi yuko mahabusu mwezi wa tatu huu. Anashtakiwa kwamba aliacha boila peke yake saa nzima, cheche zikatoka, zikaunguza mali ya serikali na nusura ziue watu. Wanasema anaweza kufungwa miaka saba.

Na ushahidi ni sisi, Shangazi. Wanawake sita wa pasi.

Siku ya tatu Msimamizi alikuja na askari mmoja na karatasi. Akasema ni za bima, fomu tu, weka sahihi turudi kazini. Sasa nikueleze desturi yetu, maana nisipokueleza utaniona punguani. Asubuhi mashuka yakiletwa, wa kwanza anahesabu na kutia sahihi daftarini. Sisi wengine watano tunatia sahihi chini yake bila kuhesabu. Kuhesabu nyuma ya mwenzako ni kumwita mwizi mchana kweupe. Kuna dada mmoja mgeni aliwahi kuhesabu mara ya pili, hakusalimiwa hadi alipohama. Basi karatasi zilipopita, Dada Mkubwa wa pasi ya kwanza alisaini, nami nikasaini nyuma yake. Ilikuwa Kiingereza juu hadi chini. Sikuuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa kumhesabia Dada Mkubwa.

Wiki iliyopita nikapata barua ya kuitwa shahidi, na nakala ya maelezo 'yangu'. Nimekunakilia sentensi moja herufi kwa herufi: "I did see with my own eyes the accused person abandon his post for a period of one hour." Najua 'eyes' ni macho. Nimeogopa kutafuta mengine.

Niambie inasema nini. Usinipunguzie.

Mwanao,
Chiriku


27 Februari

Chiriku mwanangu,

Sikupunguzii. Inasema kwamba wewe, kwa macho yako mwenyewe, ulimwona mshtakiwa akiacha kazi yake na kuondoka kwa muda wa saa moja.

Sasa nami nikuambie jambo. Sentensi hiyo naijua. Kulikuwa na karani wa polisi aliyekuwa na daftari la sentensi tayari, moja ya wizi, moja ya ugomvi, moja ya mlinzi aliyeacha lindo. Alikuwa akiniletea, mimi nabadilisha jina na muda tu. Hiyo ya lindo nimeipiga chapa mara nyingi mpaka vidole viliijua kuliko macho. Karani yule alishafariki, na kumbe daftari lake bado liko kazini. Miaka yote nilijiambia kazi yangu ni herufi, ukweli una wenyewe. Sikuwahi kuuliza hata siku moja kama yule mlinzi kweli alionekana na mtu. Nimekaa na barua yako siku mbili nikiona aibu, na aibu ya uzeeni haina mahali pa kujificha.

Tuache hayo, tufanye kazi. Tazama chini kabisa ya maelezo, juu ya sahihi yako. Patakuwa na maneno 'read over to me in a language I understand'. Maana yake ulisomewa kwa lugha unayoielewa. Kama hukusomewa, maelezo yote yamesimama kwa mguu mmoja. Hiyo ndiyo njia yako.

Mwendesha mashtaka ndiye anayekuita, kwa hiyo anakutegemea. Ukikana, atamwambia hakimu kwamba wewe ni 'hostile', yaani shahidi aliyemgeuka. Si tusi, usivimbe. Ni ruhusa ya kukuhoji kwa ukali, nako kuhoji huko kunaitwa 'cross-examination'. Atakuuliza 'leading questions', maswali yenye jibu tumboni. "Ulimwona akitoka, sivyo?" Usimeze. Jibu lako liwe fupi, na hapo ndipo ninapoogopa, maana nakufahamu tangu utotoni. Ndiyo. Hapana. Sijui. Sikuona. Ukishajibu, funga mdomo, hata kama kimya kinakuwasha.

Mkalimani atakuwepo, lakini jifunze kusikia kabla hajafika kwako. Utakuwa umepata muda wa kufikiri mara mbili. Niandikie majibu ya mazoezi. Swali ni hili: siku ile kati ya saa tatu na saa nne, unajua nini kuhusu mshtakiwa?

Shangazi yako


8 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Ni kweli, maneno hayo yapo juu ya sahihi yangu, na hakuna aliyenisomea hata nukta.

Nasoma kila siku. Nimebandika maneno ukutani juu ya sufuria, 'oath', 'accused', 'observe', 'recall', na nayasema kwa sauti nikianika nguo. Mama mwenye nyumba kasikia, sasa ametangaza uani kwamba nimepata mchumba Mzungu na ni mkali, maana kila siku namwambia 'I do not recall', sikumbuki. Nimemwacha aamini, kodi yangu imekuwa haidaiwi kwa kelele.

Redio ya Kiingereza naiwasha nikipika. Mwanzoni nilisikia mvua tu. Sasa nasikia neno moja moja, halafu mawili pamoja. Juzi nimeielewa sentensi nzima kuhusu bei ya mafuta, nikaunguza vitunguu kwa furaha.

Majibu ya mazoezi haya hapa.

Swali: Unajua nini kuhusu mshtakiwa?
Jibu: Nilimwona akiwa mbele ya boila muda wote kuanzia saa tatu hadi saa nne. Hakutoka.

Ni fupi, umeona? Nimejizuia. Kesi ni tarehe mbili Aprili.

Mwanao,
Chiriku


14 Machi

Chiriku,

Ulimwona kupitia ukuta?

Umeniandikia mwenyewe kwamba ukuta wa nyuma yenu ndio wa chumba cha boila. Pasi inakutazamisha mbele. Mwendesha mashtaka aliyelala usingizi mzito angelijua hilo. Na hata asingelijua, mimi nimelijua, na wewe ulilijua ukiandika.

Karatasi ya kwanza ya uongo ulibandikwa. Hii ya pili umeitunga wewe, na kwa kalamu yako. Njia ya mwongo ni fupi, na ukikamatwa mwishoni mwake hufungwi peke yako, Fundi Mvuke anafungwa nawe. Hakimu atasema: hawa wanawake wanaona kinachotakiwa kuonekana. Sikukaa miaka thelathini na moja nikipiga chapa 'I did see' ili mtoto wa kaka yangu aje aniongezee moja.

Usiniandikie tena mpaka uwe na kitu unachokijua.

Shangazi yako


22 Machi

Shangazi,

Shikamoo.

Sina kitu ninachokijua. Ndiyo maana nilidanganya. Nilijua Fundi hakuondoka, nilijua hivyo kama ninavyojua njia ya kwetu, lakini sikuona, na nilichonacho ni cha kusikia tu. Wewe mwenyewe uliniandikia, cha kusikia nikiache mlangoni na viatu.

Nilisikia bomba. Fundi akitaka kufungua mlango wa moto atie kuni, mvuke unashuka halafu unapanda ghafla, na pasi ikiwa chini inaunguza shuka. Kwa hiyo kila baada ya robo saa anagonga bomba mara tatu kwa spana. Sisi tunainua pasi. Aliye karibu na bomba anagonga mara moja kumjibu, tumeinua, fungua. Aliye karibu na bomba ni mimi. Siku ile kati ya saa tatu na saa nne aligonga mara nne nami nikamjibu mara nne. Lakini ni masikio tu, Shangazi, na masikio ndiyo hiyo 'hearsay'. Kwa hiyo nitakwenda mikono mitupu, niseme sahihi ni yangu na maneno si yangu, wamfunge tu.

Nisamehe kwa uongo. Sikutaka kukuaibisha.

Chiriku


26 Machi
Kwa mkono wa dereva wa gari la dawa, apewe mwenyewe, haraka

Chiriku! Chiriku! Chiriku!

Punguani ni mimi. Nilikupa neno kwa haraka kama mtu anayelipa nauli, na umelichukua kama nilivyolitupa.

'Hearsay' si kila kinachoingia sikioni. Ni maneno ya mtu mwingine unayoyaleta mahakamani ili yaaminiwe, wakati yeye hayupo kuulizwa. Msimamizi kukwambia "Fundi alitoka", hiyo ni 'hearsay'. Lakini mlio wa spana kwenye bomba uliousikia kwa sikio lako, ukaujibu kwa mkono wako? Huo ni ushahidi, mwanangu, tena wa moja kwa moja! Kipofu anaweza kuwa shahidi. Aliyesikia risasi ni shahidi wa risasi.

Na umekaa nao mwezi mzima mfukoni ukinitungia uongo! Ningekuwa karibu ningekukumbatia halafu nikakuchapa, kwa mpangilio huo.

Sasa sikiliza sana. Sema ulichosikia na ulichofanya. Usiseme ni nani aliyegonga, kwa sababu hukumwona. Watakuvuta useme. Usiseme. Shtaka ni kwamba boila iliachwa bila mtu. Basi wewe waambie kuna aliyegonga, na mengine waachie wao wahesabu.

Nakusamehe. Nenda kaseme.

Shangazi yako


4 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Kaa kitini kwanza.

Tulikaa sita kwenye benchi la korido, maana mashahidi hawaruhusiwi kusikilizana. Msimamizi alipita mbele yetu mara mbili akikohoa. Nikaitwa wa kwanza. Nikaapa. Fundi Mvuke yuko kizimbani, shati limekuwa kubwa kwake, anatazama vidole vyake.

Mwendesha mashtaka, kijana mwenye tai nyembamba, akanionyesha karatasi. "Is this your signature?" Nikaelewa, Shangazi! Mkalimani hajafungua kinywa, mimi jibu ninalo. Nikamsubiri kwa heshima, kisha nikasema: Sahihi ni yangu. Maneno si yangu.

Hapo kijana akabadilika rangi. Akamgeukia hakimu, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akamwambia maneno mengi, na ndani yake nikasikia 'hostile'. Sikuvimba. Nilikuwa nalisubiri kama mgeni aliyetuma barua kabla.

Akaanza kunifukuza. Ulisomewa? Hapana. Unajua kusoma? Kiswahili, ndiyo, siku ile Kiingereza, hapana. Kwa nini mtu mzima atie sahihi kitu asichokijua? Nikaeleza daftari la mashuka, kwamba kwetu unatia sahihi nyuma ya mwenzako, na kumhesabia ni kumwita mwizi. Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akaniuliza mwenyewe: "Na yule wa kwanza, alitia sahihi nyuma ya nani?" Nikasema, nyuma ya Msimamizi, mheshimiwa. Kicheko kikakatika.

Kisha wakili wa Fundi akasimama. Akauliza, kati ya saa tatu na saa nne ulijua nini? Nikasema habari ya bomba, taratibu, kama tulivyopanga. Nikasema niligongewa mara nne nikajibu mara nne. Mkalimani akatafsiri, na nikasikia anasema 'several times'. Shangazi, moyo ulinilipuka. 'Several' ni kadhaa! Kadhaa inaweza kuwa mbili, inaweza kuwa dakika ishirini tu za kazi. Mara nne ndiyo saa nzima! Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Nikasema: "Excuse me. I said four. Four times. Not several."

Mkalimani akaangalia viatu vyake. Hakimu akavua miwani, akanitazama, akasema waandike 'four'. Nilimsikia mpiga chapa akigonga, nikakuwaza wewe.

Kijana mwenye tai akarudi. "Ulimwona mshtakiwa akigonga?" Sikumwona. "Basi hujui kama ni yeye." Sijui. Akatabasamu, akadhani kanipata. Akasema, kwa hiyo ushahidi wako ni bure. Halikuwa swali, nikafunga mdomo. Kimya kiliniwasha, Shangazi, kiliniwasha mno! Hakimu ndiye aliyesema: "Bwana mwendesha mashtaka, shtaka lako ni kwamba boila haikuwa na mtu. Unaniambia ilijigonga yenyewe?"

Nilidhani wamemaliza nami, kumbe wakili akauliza moja la mwisho: mlijuaje kuna moto? Na hapo, nisamehe, sikuwa mfupi. Nilisema bomba liligongwa tena, si mara tatu, bali mfululizo, bila kupumzika, nikajua hiyo si ya kuinua pasi. Nikapiga kelele tutoke. Tulipofika uani ndipo paa la stoo likaanguka, na bomba bado lilikuwa likigongwa. Mtu aliyekuwa boila alibaki anagonga wakati sisi tumeshatoka, maana hakujua kama tumesikia. Mara ile sikuwa nimemjibu.

Nikalia. Sikuwa nimewahi kuisema hiyo, hata kwangu mwenyewe. Tulimwachia moto, halafu siku ya tatu tukamtilia sahihi. Fundi Mvuke akainua uso akanitazama kwa mara ya kwanza, naye alikuwa analia.

Akaitwa Dada Mkubwa. Hakujua nimesema nini, alikuwa korido. Akaulizwa kuhusu karatasi, akasema: "Nilitia sahihi nyuma ya Msimamizi, na Mungu anisamehe." Akaulizwa bomba, akasema mara nne. Wa tatu akasema mara nne. Kijana mwenye tai akafunga faili, hakuwaita waliobaki. Hukumu ni tarehe thelathini.

Leo Msimamizi kanihamishia kukunja taulo, adhabu eti. Nakunja huku naimba.

Mwanao,
Chiriku


12 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nimesoma kwa sauti, na majirani wakadhani nimeanza kuhubiri. Lile la 'four' nilisimama nalo. Nilisahau magoti.

Umevunja amri yangu ya kuwa mfupi na nimefurahi ulivyoivunja.

Nami nimefanya jambo. Nimemwandikia msajili wa mahakama maelezo yangu mwenyewe. Nimetaja daftari la sentensi za karani, miaka niliyozipiga chapa, na ile ya lindo neno kwa neno, ili wakienda kwenye majalada waone ni wangapi waliofungwa kwa macho yasiyoona. Wanaweza kuniuliza kwa nini nilinyamaza. Nitajibu kwa ufupi. Nimeyasoma yote kabla ya kutia sahihi, na sikusaini nyuma ya mtu.

Niandikie tarehe thelathini, usiku huohuo ukiweza. Sili vizuri mpaka nijue.

Shangazi yako


30 Aprili

Shangazi,

Naandika nikiwa bado kwenye ngazi za mahakama, karatasi nimeomba kwa mlinzi.

Ukumbi ulijaa. Chumba chote cha pasi tulikuja, hata dada aliyehama kwa sababu ya kuhesabu. Dada Mkubwa alimkuta mlangoni, akamshika mkono, akamkalisha kando yake. Msimamizi hakuonekana, wanasema anaitwa na wachunguzi kueleza nani aliandika zile karatasi.

Hakimu alisoma kwa Kiingereza, ukurasa baada ya ukurasa, bila kuinua kichwa. Mkalimani alikuwa akisubiri amalize ndipo atafsiri, kwa hiyo ukumbi mzima ulikuwa gizani isipokuwa mawakili, na mimi. Nilisikia 'statements', nikasikia 'unsafe', yaani si ya kutegemewa, nikasikia 'not read over'. Nikasikia 'the witness from the pressing room', shahidi wa chumba cha pasi, nikajua huyo ni mimi. Mengine yalinipita, lakini sikuacha kusikiliza.

Fundi Mvuke hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Alikuwa kizimbani kati ya askari wawili, na hakuwa anamtazama hakimu. Tangu ukurasa wa kwanza alikuwa ananitazama mimi, usoni, bila kupepesa, anasoma hukumu yake kwangu. Nikaukaza uso usiseme kitu kabla ya wakati, maana ningekosea neno moja ningemuua mtu.

Kisha hakimu akafika mwisho. Akasema jina lake kamili, akasema 'accordingly', akasema 'acquitted'.

Mkalimani alikuwa bado anafungua daftari. Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya chumba cha pasi, ile inayoshinda mashine zote: "Fundi! Toka humo, umeachiwa!"

Akaanguka magoti palepale kizimbani. Wenzangu wakalipuka kwa vigelegele, na askari wa mlangoni akanikimbilia anielekeze kukaa, hii ni mahakama, mama, kaa chini. Hakimu akamwinulia mkono. Akasema maneno mawili matatu kwa Kiingereza, na askari akarudi nyuma.

Mkalimani akanigeukia kunitafsiria. Nikamwambia ahsante, nimesikia. Kasema niachwe nisimame.

Mwanao,
Chiriku